Baiskeli ya Kibao cha Njano

Chantsura, 9 Februari

Dada Aita,

Salamu kutoka huku juu, ambako theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha la karakana na kutulia hapo kama mgeni asiyejua kuaga. Mimi mzima, ukitoa goti la kushoto, ambalo siku hizi lina maoni yake juu ya kila ngazi. Mbuzi wa jirani yangu Not wamezaa wanne kwa mpigo, na Not anatembea kijijini kifua mbele kana kwamba yeye ndiye aliyeshikwa na uchungu. Kanisa limenipa kazi ya madirisha sita, nimemaliza mawili. Mchungaji ananihimiza. Nilimwambia Mungu ana subira, akanijibu kwamba Mungu hakai karibu na lile dirisha la upepo.

Wifi yako Nesa hajambo. Mkono wa kulia bado haujaamka tangu kiharusi kile cha Septemba, na maneno yake bado ni ya kuhesabu, lakini kwenye karata hakuna anayepona mbele yake. Kila siku saa kumi alasiri, kule chini Punt kwenye nyumba ya uuguzi, tunacheza jass: yeye na mimi upande mmoja, Bi Uorschla na Bi Chatrina upande wa pili. Ukijumlisha umri wa wale wazee wawili unapata miaka mia na sabini na tano, na hawana huruma hata ya kuazima.

Nakuandikia kwa sababu simu, tangu siku ile tuliyokatiana juu ya jiwe la kaburi la baba, nikiishika mkono unakuwa mzito. Barua ina uzuri wake. Huwezi kuikata nikiwa katikati ya sentensi.

Neno lenyewe ni hili: nataka baiskeli ya umeme. Cheka kwanza, nasubiri.

Haya. Kutoka mlangoni kwangu hadi mlangoni kwa Nesa ni kilomita tisa, kona kumi na saba, kushuka mita mia sita na ishirini, na baada ya hapo, kwa bahati mbaya, kupanda zile zile. Basi linashuka saa moja asubuhi, na la mwisho kupanda ni saa sita na nusu mchana. Karata ni saa kumi. Gari langu lina ugonjwa. Fundi anataja giya na kutikisa kichwa. Isitoshe, nimekuwa mtu wa kujali mazingira. Nikitazama barafu ya mlimani inavyopungua, nahuzunika.

Usione ni jambo la mchezo. Jass ni ya watu wanne. Wiki hizi tatu nimekosa mara tisa, na nikikosa, Nesa hukaa pembeni na kutazama ukuta, maana hataki mwenza mwingine. Muuguzi mkuu, mama mmoja mwema lakini mwenye orodha, ameniambia kiti kisichokaliwa atampa mtu mwingine. Nikipoteza kile kiti, Aita, sijui nitakwenda kule kufanya nini. Mimi si mtu wa kukaa kando ya kitanda na kushika mkono. Unanijua. Nitaongea upuuzi mpaka anifukuze.

Kwa hiyo nataka yenye nguvu. Uzito wangu ni kilo tisini na nne. Andika mia.

Nduguyo,
Jachen

Basel, 14 Februari

Jachen,

Nimecheka. Sasa tuendelee.

Mimi sijambo. Niko nyumbani kidogo, napanga makabati. Tramu inapita chini ya dirisha langu kila baada ya dakika saba na nusu, na Jumapili kila baada ya kumi. Bi Sivagami wa ghorofa ya pili ananiletea mikate ya dengu yenye pilipili ya kufufua maiti. Mpe Nesa busu langu. Muulize kama anataka ile shali ya kijani.

Kwa miaka ishirini na miwili dukani nimewauliza wateja maswali matatu, na asiyeyajibu nilimrudisha nyumbani akafikiri. Utapita wapi? Utabeba nini? Unaogopa nini? La kwanza umelijibu. La pili nusu. La tatu hujaligusa.

Hata hivyo, sikiliza. Usihangaike na wati, hizo ni za kumpumbazia mnunuzi. Uliza nguvu ya mzunguko, ile inayosukuma mnyororo ukiwa umekwama kwenye mlima na kilo zako mia. Iwe nyutoni-mita themanini na tano, isipungue. Mota ikae katikati, kwenye kanyagio. Ile ya kwenye gurudumu, ukiipandisha kona kumi na saba mfululizo, hupata joto na kukata tamaa. Betri iwe kubwa kuliko unavyodhani unahitaji, kwa sababu baridi ya huko itakula theluthi yake. Usiku iingize ndani ilale na wewe. Nafasi ipo.

Sasa breki. Wateja wote wanauliza nini kitawapandisha, na mimi sijali kitu hicho hata kidogo. Wewe utashuka mita mia sita. Diski ziwe kubwa mbele na nyuma, kila breki ibane diski kwa pistoni nne, si mbili. Jifunze kubana na kuachia, kubana na kuachia, usizikalie njia nzima maana zitaungua. Ya mbele ndiyo inayokusimamisha. Ya nyuma inakudanganya. Usiguse ya mbele ukiwa umeinama kwenye kona. Barabara ikilowa, anza kubana mapema mara mbili. Ukiona chuma chochote barabarani, mfuniko, reli, daraja, shuka ukatembee. Sikutanii. Shuka.

Nimesoma tena aya hiyo naona ni ndefu. Iache ilivyo.

Kuna makabila mawili ya baiskeli hizi. Moja inakata msaada ikifika mwendo wa ishirini na tano, na mtu yeyote anaendesha. Nyingine inakwenda hadi arobaini na tano, ina kibao cha namba cha njano, na inataka leseni. Leseni unayo tangu ulipotoka jeshini, kwa hiyo chukua ya njano. Mota yake ina pumzi zaidi.

Aita

Chantsura, 2 Machi

Dada mpendwa,

Jana watoto walizunguka kijiji na kengele za ng'ombe kuifukuza baridi, kama kila tarehe mosi Machi. Baridi imewasikiliza vizuri, imepiga makofi, imekaa. Watoto wenyewe sasa ni watano tu, kwa hiyo Not na mimi tumejazia nyuma, kila mmoja na kengele tumboni. Mjukuu wa mchungaji aliniuliza mimi ni ng'ombe wa nani.

Barua yako umeiandika tarehe 14, muhuri wa posta unasema 24. Sanduku la posta liko mlangoni kwako, Aita, nalikumbuka, niliwahi kuligonga na kichwa. Umempa konokono akupelekee? Na Krismasi hukuja, ukasema kazi dukani. Februari uko nyumbani unapanga makabati. Sisemi kitu. Nasoma tu tarehe.

Majibu yangu. Nitabeba keki ya jozi kila Ijumaa, nguo safi za Nesa, na mwili wangu. Ninachoogopa ni Bi Uorschla akiwa na karata nzuri.

Ya njano siitaki. Mwendo wa arobaini na tano nzi wanaingia mdomoni, nami siwezi kunyamaza umbali wa kilomita tisa. Rangi ya njano hainipendezi, mama alisema tangu nikiwa mtoto. Halafu mambo ya bima, karatasi, dirisha hili, dirisha lile. Nitafutie ile ya polepole yenye misuli. Tafadhali. Naliandika neno hili tafadhali kwa hiari yangu, hakuna aliyenishika mkono.

Mwezi wa Februari nimefika mezani mara tano. Mara mbili Not alinipeleka, lakini Not akikupeleka anakupeleka na hadithi, na kesho yake bonde zima linajua ulivaa soksi gani. Mara tatu nilishuka na basi la asubuhi, nikakaa kwenye benchi la stesheni hadi alasiri, nikacheza, kisha nikapanda kwa miguu. Saa mbili na dakika hamsini. Kwenye kona ya kumi na moja goti liliniomba talaka.

Kuna bwana mmoja, Men, postamasta mstaafu, ameanza kukalia kiti changu. Anasema anakipasha moto tu. Nesa hakucheza. Lakini juzi, Bi Chatrina ananiambia, aligeuza kichwa akatazama karata za Men kwa muda mrefu.

Jachen

Basel, 20 Machi

Jachen,

Sababu zako hazina kichwa wala miguu. Nimeuza baiskeli kwa watu waongo kwa miaka mingi na sasa nazijua sababu za mtu asiyetaka kusema ya kweli. Lakini sina nguvu ya kubishana, na Men anapasha moto kiti.

Kwa hiyo nimeamua kwa niaba yako. Alhamisi ijayo, kwa basi la asubuhi, itafika baiskeli. Ni ya njano. Imetumika mwaka mmoja, na mwanamke mmoja, kwa uangalifu. Hataihitaji tena. Nguvu ya mzunguko tisini, betri kubwa, breki nimeagiza zibadilishwe zote mpya. Keria ya nyuma inabeba kilo ishirini na saba za keki. Kijana wa dukani ameipeleka stesheni mwenyewe.

Malipo hakuna. Usinishukuru, na huyo mwanamke usimtafute umshukuru.

Mimi sijambo. Jua limeanza kufika jikoni saa tano asubuhi, linakaa dakika arobaini.

Swali la tatu bado.

Aita

Chantsura, 11 Aprili

Dada Aita,

Barua hii nimeianza mara nne. Zile tatu ziko kwenye jiko la kuni, na zimewaka vizuri kuliko zilivyosomeka.

Basi lilipofika Alhamisi ile, dereva mwenyewe alishuka akafungua nyuma, na kijiji kizima, yaani watu kumi na wanne na mbwa, kilikuwa kimeshapata habari. Aita, ni kitu cha fahari. Nyeusi, nzito, imetulia kama dume la ng'ombe linalojua bei yake.

"Jachen! Umenunua ndege?" Not akapiga kelele.

"Ametuma dada."

"Mwambie dada yako mimi pia ni yatima."

Mchungaji akabonyeza kengele, ikalia, akafurahi, akabonyeza tena. Kisha akafika Tumasch. Unamkumbuka Tumasch, tulisoma naye, aliiba majibu yangu ya hesabu miaka minne na sasa ndiye polisi wa bonde zima. Aliizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Kibao cha njano," akasema.

"Nakiona."

"Arobaini na tano."

"Ndivyo wanavyosema."

"Na itaendeshwa na nani, Jachen?"

Hapo hakuna aliyecheka. Watu wakaanza kukumbuka kazi zao, mmoja mmoja. Not aliinama kufunga kamba ya kiatu, na siku hiyo alivaa mabuti ya mpira.

Wote walijua, unaona. Bonde zima linajua tangu Januari. Asiyejua ni wewe peke yako, na nilitaka ibaki hivyo.

Gari halina ugonjwa. Gari ni zima kabisa, liko chini ya turubai. Tarehe 17 Januari, saa moja na robo asubuhi, Tumasch alinisimamisha kwenye kona ya tatu. Nilikuwa naenda kuchukua mbao. Asubuhi ile sikuwa nimekunywa. Nilikuwa nimekunywa jana yake, na juzi, na kila siku tangu Nesa apelekwe chini, peke yangu jikoni, halafu naosha bilauri, naikausha, naipanga kabatini, ili nikiamka pasiwe na shahidi. Nilipopuliza kwenye kile chombo, Tumasch aliisoma namba mara mbili. Kisha akavua kofia yake akanipa niishike wakati anaandika. Nadhani alitaka niwe na kitu mkononi.

Leseni sijui itarudi lini. Inabidi nywele zangu zipelekwe maabara, wazisome kama zimekaa miezi sita bila pombe. Ulishaniona kichwa. Daktari alikitazama, akaguna, akaniambia nifungue vifungo vya shati, watachukua za kifuani. Ndiyo hali yangu, dada: mtu mzima wa miaka hamsini na minne anayefuga nywele za kifua kwa ajili ya serikali. Tangu siku ile sijaonja hata tone.

Baiskeli ya kibao cha njano bila leseni ni kosa sawa na gari. Tumasch alinieleza kwa upole. Ile ya polepole, akasema, hata yeye hawezi kunizuia.

Kwa hiyo ninayo baiskeli yenye nguvu kuliko zote katika bonde hili, na naiendesha ghalani. Usicheke, au cheka. Kila jioni nafunga mlango mkubwa, nawasha taa, nazunguka nguzo ya katikati, kati ya majani makavu. Mizunguko arobaini kulia, arobaini kushoto ili nisipate kizunguzungu. Kuku wamehama. Jumanne iliyopita niliitoa hadi njiani, nikapanda juu yake, barabara ilikuwa kavu, hakuna mtu, saa tisa na nusu, ningefika mezani mapema kuliko wote. Nikaenda mpaka kona ya kwanza. Nikasikia gari linapanda. Nikairudisha kwa kuisukuma, mbio, kama mwizi wa kuku, nikafunga mlango na kusimama gizani mpaka gari likapita. Lilikuwa la maziwa.

Hili ndilo jibu la swali lako la tatu. Sasa unajua ninachoogopa, na unajua kwa nini wewe ndiye mtu wa mwisho niliyetaka ajue.

Lakini kuna jambo lingine. Ukizunguka nguzo jioni kumi na mbili unakifahamu chombo. Tandiko limewekwa kwa miguu mirefu, hata goti langu lilijua. Upande wa kushoto una mchubuko unaoanza kwenye usukani hadi kwenye kanyagio, umepakwa rangi na mtu mwenye mkono mzuri lakini mwenye haraka. Na chini ya tandiko kuna kimfuko, na ndani ya kimfuko kuna karatasi ya usajili. Mwanamke huyo mwangalifu, ambaye hataihitaji tena, ana jina lako, Aita. Ana hata tarehe yako ya kuzaliwa.

Zamu yako.

Jachen

Basel, 17 Mei

Jachen,

Nimekaa na barua yako wiki tano. Wiki mbili za kwanza nilikuwa na hasira nawe. Wewe na mimi tulikuwa tunamvua baba viatu pale mlangoni kila Jumamosi akirudi amelewa, wewe cha kushoto, mimi cha kulia, na tuliapa. Ulikuwa na miaka minane lakini uliapa kwa sauti kubwa kuliko yangu. Nilitaka kukuandikia maneno mabaya. Niliyaandika, halafu Bi Sivagami akawa amesafiri na hapakuwa na wa kuyapeleka posta. Mshukuru.

Ndiyo. Konokono wako ni Bi Sivagami. Sanduku la posta liko chini ya ngazi hamsini na nne.

Ilikuwa Novemba, mvua nyepesi, saa kumi na moja jioni, natoka kazini. Miaka ishirini na miwili nimemwambia kila mteja, hata watalii, hata watoto: reli ya tramu ikatize moja kwa moja, usiende nayo sambamba, gurudumu litaingia. Nimewachorea kwenye karatasi. Kuna mteja mmoja ameuweka mchoro wangu kwenye fremu. Siku hiyo gari la kusambaza maua lilikuwa limesimama vibaya, nikalipita, mwendo arobaini na tatu, nikaingia kwenye reli mbele ya duka letu lenyewe. Kijana wa dukani aliona kila kitu kupitia kioo. Alikuwa na mteja. Alikuwa anamwonyesha mchoro.

Nyonga ilivunjika mahali pawili. Imepona, wanasema. Picha zinaonyesha imepona. Ni mimi ambaye nikifika mlangoni na kusikia tramu inapiga kona, mguu unakataa kutoka. Nimebaki ghorofa ya tatu. Dukani wameniwekea nafasi hadi Julai.

Sikukwambia kwa sababu Nesa alikuwa ameanguka miezi miwili kabla, na familia yenyewe ni watu watatu. Na kwa sababu wewe tangu utoto umenichukulia kama mtu asiyeanguka. Nilipenda hivyo. Ile baiskeli ilikuwa kwenye stoo chini, najua iko pale, kila usiku nalala juu yake. Ulipoomba, nilifurahi vibaya. Nilikuwa naiondoa nyumbani kwangu na kujiita mkarimu.

Basi tuache. Sasa nakuhudumia kama mteja, kwa mara ya kwanza, maana sasa umejibu.

Unaogopa kujificha. Kwa hiyo usichukue kitu cha kujificha: chukua yenye taa kubwa, rangi watu wanayoiona, na ya polepole, ambayo polisi akiiona atainua mkono tu. Fremu ya kushuka katikati, ile utakayosema ni ya wanawake, kwa ajili ya goti. Utanishukuru. Nguvu ya mzunguko themanini na tano, mota katikati, betri kubwa, kama nilivyosema. Matairi mapana. Breki unajua. Hizo mita mia sita usizikimbilie, na yale ya reli na chuma niliyokuandikia Februari, sasa unajua yalikuwa yanaandikwa na nani.

Yangu iuze kwa mtu mwenye leseni. Usinitumie hela. Usiniambie amenunua nani, isipokuwa akiwa mchekeshaji.

Wiki hii nimeshuka ngazi kumi na nane, hadi kwa Bi Sivagami, nikanywa chai kwake. Kurudi nilipanda kwa makalio.

Aita

Chantsura, 8 Juni

Dada Aita,

Salamu. Theluji imebaki kwenye kilele tu, kama povu la kunyolea alilosahau mtu. Madirisha ya kanisa yamekwisha, sita, na mchungaji sasa analalamika ni joto. Ngazi kumi na nane ni nyingi. Umesema kurudi ulipanda kwa makalio. Mimi nilifikiri juu ya hilo siku nzima karakanani, na nimekata kamba ya katani, mita ishirini, laini, ya kufunga kwenye nguzo ya reli ya ngazi kila ghorofa, uishikilie. Iko ndani ya kifurushi hiki pamoja na nyama kavu. Itumie au ianikie nguo.

Aliyenunua ni mchekeshaji. Ni Tumasch. Alikuja kukagua, kwa mujibu wake, kama imebaki ghalani. Akaikalia. Akazunguka nguzo mara moja, mara mbili, kofia ya kazi kichwani, mdomo wazi. "Jachen," akasema, "hii hupaswi kuwa nayo, ni hatari kwako." Nikamwambia hapo sisikii sheria, nasikia wivu. Hela yake, na ya madirisha, imetosha kununua ile uliyoniagiza, kule kwa fundi wa Punt. Ni nyekundu kama gari la zimamoto. Fremu ya wanawake. Not amezungumza peke yake kwa siku tatu.

Jumatatu nilishuka. Kubana na kuachia, kubana na kuachia. Kwenye daraja la chuma nilishuka nikatembea, na basi la watalii lilisimama kunitazama. Nilichelewa dakika ishirini na tano.

Kiti kina Men. Si kukipasha moto tena, amekuja na slipa. Jina lake limeandikwa kwenye orodha ya ukutani, wino, hadi mwisho wa mwaka. Na Nesa anacheza naye, Aita. Karata zake zilikuwa zimesimamishwa mbele yake kwenye kipande cha mbao chenye mfuo, na hakikuwa kazi yangu. Kazi ya Men. Kimechongwa vibaya na kinafanya kazi vizuri.

Nilisimama mlangoni na keki. Sikuwa na upuuzi wowote wa kusema, na hili ulipime mwenyewe, wewe unayenijua.

Bi Uorschla ndiye aliyesema, "Huyu hapa. Tulidhani umekufa, tukaomboleza siku mbili tukaendelea."

Nesa alinyoosha mkono wa kushoto, ule mzima. Nikasogea. Akanishika ukosi wa shati, akanivuta mpaka nikainama na pua yake ikafika mdomoni kwangu. Akanusa. Akasubiri, akanusa tena. Bi Chatrina aliziweka karata zake chini kifudifudi na kutazama dirishani. Hadi katikati ya Januari nilikuwa nikiingia pale na peremende ya mnanaa mdomoni, nikijiona hodari.

Akaniachia ukosi. Akazichomoa karata zake kwenye mbao, moja moja, tisa zote, akazitia mkononi mwangu.

Basi nikasimama nyuma ya bega lake nikamshikia. Yeye ananyoosha kidole, mimi natupa. Mara mbili nilitaka kutupa nyingine, akanipiga kiganjani. Men aliinuka nusu, ni mtu mwema yule, akasema, "Jachen, ukae wewe."

"Hapana," Nesa akasema.

Nikasimama saa moja na nusu kwa goti lile. Tulishindwa vibaya, na Bi Uorschla hakujitahidi kuficha furaha yake.

Nilipotaka kuondoka Nesa alinyoosha kidole kitandani. Nikampa shali, siyo. Nikampa maji, siyo. Alitaka kofia yangu ya baiskeli. Nilipiga magoti, akaniwekea kichwani, akaanza kufunga ule mkanda wa chini ya kidevu kwa mkono mmoja. Kile kidude cha kubana kinashinda hata mtu wa mikono miwili. Kilimtoka, akakirudia. Kikamtoka. Muuguzi mkuu alikuja kusaidia, Bi Chatrina akamzuia kwa mkono. Sijui ilichukua muda gani. Mimi nilitazama sakafu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbele yangu.

Kikalia, tak.

Akauvuta mkanda mara moja kuona kama umeshika. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayekumbusha maziwa:

"Kesho."

Nduguyo,
Jachen